Kasino za Las Vegas: bakshishi anapewa nani, kiasi gani, na inawekwa wapi?

Mgeni_Mwangalifu

Wakuu, salamu. Nina safari ya Las Vegas ya siku nne, na hoteli niliyopanga ina kasino humo humo chini. Nitacheza kidogo tu: blakijeki kwenye meza ya dola 15, ruleti, na mashine za sloti. Sheria za michezo nimeshazisoma. Kinachonitatiza ni bakshishi. Kila ninayemuuliza ana lake: mmoja anasema asilimia 15 ya ulichoshinda, mwingine anasema usipotoa mgawa karata anakununia, wa tatu anasema ni hiari, tia mfukoni uondoke.

Wenye kuijua kazi hii nielezeni kwa vitendo. Nampa mkononi au naweka mezani? Nikiwa napoteza natoa pia? Vinywaji wanavyosema ni vya bure, ni bure kweli? Mashine ikilipa hela nyingi, yule anayekuja na noti anapewa ngapi? Na ni nani hapewi kabisa, nisije nikamtia mtu matatani?

Felti_Kijani

Mkuu, anza na hili: usimpe mtu wa mezani kitu chochote mkononi. Si chipu, si noti. Juu ya kila meza kuna kamera, na kazi yake kubwa ni kuona kila chipu imetoka wapi na imekwenda wapi. Mkono kwa mkono unaficha safari hiyo, na huo ndio mwanya ambao wezi wa ndani hutumia. Ndiyo maana hata unapoingia mchezoni noti zako unaziweka juu ya meza, mgawa karata anazitandaza zionekane, ndipo anakukatia chipu. Ndiyo maana pia akitaka kuondoka mezani hupiga makofi mepesi na kugeuza viganja juu na chini. Hakuagi wewe, anaionyesha kamera kwamba hajabeba kitu.

Bakshishi ya moja kwa moja haina ugumu. Subiri mkono, yaani raundi moja ya karata, uishe na karata ziondolewe, sukuma chipu kuelekea kwake, nje ya duara la dau, useme "hii yako". Atashukuru, ataigonga kwenye ukingo wa trei au kwenye sanduku la bakshishi, halafu ataitumbukiza. Kule kugonga si madoido. Msimamizi aliyempa mgongo anasikia, na anajua chipu inayoondoka mezani haijatoka kwenye mali ya kasino. Usisukume katikati ya mkono karata zikiwa bado mezani, maana chipu inayoingia wakati huo inaonekana kama mtu anayeongeza dau baada ya kuona karata zake, na hilo ni kosa la wizi. Ukitoa noti badala ya chipu, sema kabisa ni ya nini. Noti iliyolala karibu na duara bila maelezo inasomeka kama ombi la kubadilishiwa chipu, au mbaya zaidi, kama dau.

Njia ya pili, na wengi wao wanaipenda zaidi kwa sababu inawaingiza mchezoni, ni kumwekea dau. Kwenye blakijeki weka chipu yake mbele ya dau lako, nje kidogo ya duara, kabla karata hazijagawiwa. Inafuata mkono wako. Ukishinda, analipwa kiasi kile kile na kuchukua chipu zote mbili. Ukipoteza, kasino inazoa. Mkienda sare inabaki palepale. Haihitaji kufika kiwango cha chini cha meza kwa kuwa dau lako limeshafika, kwa hiyo chipu ya dola 1 kwenye meza ya 15 haina shida. Ukitenganisha karata mbili zinazofanana ziwe mikono miwili, sema mapema chipu yake inafuata mkono upi. Ukiongeza dau lako mara mbili, si lazima uongeze na lake.

Kuna tofauti ndogo ambayo wageni wengi hawaijui. Chipu iliyo mbele ya duara, ikishinda, mgawa karata anatakiwa kuichukua yote pamoja na malipo yake, hana ruhusa ya kuiacha icheze tena. Lakini ukiiweka juu ya rundo lako ndani ya duara na kumwambia "ya juu ni yako", bado iko chini ya mamlaka yako. Ikishinda unaweza kumsukumia malipo tu na kuiacha ile ya mwanzo iendelee. Wanaokusudia kutoa dola 5 na kuzifanya zifike mbali hutumia njia hii.

Kiasi? Sahau asilimia. Asilimia ni habari ya mgahawani, huku mezani hakuna anayehesabu hivyo. Kwenye meza ya dola 15, chipu ya 5 mara moja au mbili kwa saa ni heshima tosha, au dola 1 ya dau hapa na pale, hasa ukipata blakijeki kamili, yaani ezi na karata yenye thamani ya kumi kwenye karata mbili za kwanza. Ukipoteza mfululizo huna deni na mtu. Kinachowaudhi watu wa mezani si mchezaji asiyetoa. Ni yule anayewatukana kwa karata mbaya, anayepuliza moshi usoni mwao, na anayeshika dau lake baada ya mchezo kuanza.

La mwisho, maana watu hujikwaa hapa. Toa kabla hujaomba kubadilishiwa chipu ndogo kuwa kubwa. Ukiondoka mezani mgawa karata hukusanya zile za 5 na kukurudishia za 25 na 100, na ukishabadilishiwa utajikuta unachagua kati ya kutoa 25 au kutotoa kitu. Bakiza moja ya 5 pembeni.

Hesabu_Kwanza

Maelezo ya juu yamenyooka. Naongeza upande wa namba, kwa sababu bakshishi ni gharama ya mchezo kama gharama nyingine na mtu anaweza kuipanga.

Meza ya blakijeki yenye watu kadhaa hutoa mikono kama 70 kwa saa. Dola 15 mara 70 ni dola 1,050 zinazopita mezani. Meza inayolipa blakijeki kamili 3 kwa 2, yaani dola 3 kwa kila 2 ulizoweka, ukicheza kwa jedwali la mkakati wa msingi linalokuonyesha la kufanya kwa kila mkono, kasino inabakiza kama nusu asilimia, yaani dola 5 na senti 25 kwa saa. Meza inayolipa 6 kwa 5 inabakiza karibu asilimia 2, yaani dola 21. Sasa linganisha: chipu moja ya 5 kwa saa inaongeza gharama yako karibu mara mbili kwenye meza nzuri, lakini kwenye meza mbaya ni robo tu ya kile ambacho kasino imeshakuchukulia kimyakimya. Meza nyingi za bei ya chini kwenye barabara ile kuu ya kasino ni za 6 kwa 5. Imeandikwa kwenye felti yenyewe, kile kitambaa cha juu ya meza, isome kabla ya kukaa. Anayeumwa na dola 5 za mgawa karata huku amekaa meza ya 6 kwa 5 anabana pale pasipovuja.

Hata ukilazimika kupanda hadi meza ya dola 25 ili upate 3 kwa 2, hesabu ya wastani bado ni nafuu: 25 mara 70 mara nusu asilimia ni dola 8 na senti 75. Tatizo ni kwamba mawimbi ya kushinda na kupoteza yanakuwa makubwa zaidi, hivyo mfuko uwe na pumzi.

Jambo la pili ni dau la mgawa karata lenyewe. Chipu unayomchezea nayo inakatwa na kasino kama dau lolote lile. Ukimwekea dola 5 kwenye blakijeki ya 3 kwa 2, kwa wastani zinamfikia kama dola 4 na senti 98, karibu zote. Kwenye ruleti yenye sifuri mbili kasino inakata asilimia 5.26, zinabaki 4 na senti 74. Ruleti yenye sifuri tatu, ambazo zipo nyingi sasa, inakata asilimia 7.69. Kwenye meza ya dadu mambo hutofautiana sana. Dau la mstari wa kupita, lile la msingi la mchezo wa dadu, lina asilimia 1.41 tu, lakini wageni wengi hupenda kuwawekea wafanyakazi dau la nane kwa pacha, yaani nne na nne, ambalo kasino inakata asilimia 9.09, au dau la "saba yoyote" lenye 16.67. Kati ya dola 5 ulizowawekea kwenye saba yoyote, senti 83 umeipa kasino. Wanaipenda ile shangwe ya dau kubwa, sikatai, ila ukitaka hela iwafikie wao weka mstari wa kupita au wape tu mkono ukiisha.

Felti_Kijani

Hesabu_Kwanza, hapo kwenye "wape mkono ukiisha" mgeni asije akaelewa kwamba ni kuwapa mkononi 😀. Na kwenye meza ya dadu ongeza hili: wako wafanyakazi wanne mezani kwa wakati mmoja, wawili wa pembeni, mmoja wa fimbo, na mkaguzi aliyekaa katikati akilinda chipu za kasino. Huyo mkaguzi hapokei bakshishi. Wale wengine wanagawana, kwa hiyo hakuna haja ya kumpa kila mmoja yake.

Bi_Sloti

Mgeni, mimi nikujibu upande wa mashine, vinywaji na hoteli, maana huko ndiko hela ndogo ndogo zinakotoka kila saa.

Vinywaji ni vya bure kwa anayecheza, lakini anayekuletea anategemea bakshishi. Dola 1 kwa bia, soda au maji, dola 2 kwa kinywaji cha kuchanganywa. Mpe anapokukabidhi glasi, si anapochukua oda. Huyu unampa mkononi au kwenye trei yake, sheria ile ya meza haimhusu. Chipu za thamani, zile zenye bei iliyoandikwa juu yake, anapokea, atazibadilisha mwenyewe. Kama unataka akukumbuke kwenye sakafu yenye mamia ya watu, toa kubwa kidogo kwenye kinywaji cha kwanza, dola 5 kwa mfano, badala ya kungoja mwisho. Beba noti za dola 1 za kutosha kutoka kaunta ya keshia, kama 30 kwa siku. Mashine haitoi noti, inatoa tiketi, na tiketi si kitu cha kumpa mhudumu: inabidi aache kazi akaibadilishe, na ina tarehe ya mwisho.

Ukikaa kwenye baa yenye mashine zilizochomekwa kwenye kaunta, mhudumu wa baa anaweza kuwa na taa au kipimo kinachomwonyesha kama umecheza kiasi cha kustahili kinywaji. Usiingize dola 20, ukabonyeza mara mbili, ukadai cha bure. Bakshishi yake ni ile ile, 1 hadi 2 kwa glasi.

Sasa jakipoti. Mashine ikifika kiwango fulani inajifunga yenyewe na huwezi kuendelea hadi mfanyakazi aje akulipe kwa mkono. Kiwango kilichozoeleka miaka mingi, hadi 2025, kilikuwa dola 1,200, kwa sababu ya fomu ya kodi; tangu 2026 kiwango cha fomu hiyo ni dola 2,000. Na hapa, wewe kama mgeni asiye mkazi wa Marekani, sikiliza vizuri kabla hujagawa hela za furaha. Ushindi wa sloti wa mgeni hukatwa kodi ya asilimia 30 palepale, isipokuwa nchi yako iwe na mkataba wa kodi na Marekani unaokuondolea makato hayo. Jakipoti ya dola 3,000 inakufikia ikiwa 2,100. Blakijeki, ruleti, dadu na bakara (mchezo mwingine wa karata) hazimo kwenye makato haya kwa wageni. Kwa hiyo ukitaka kufikiria asilimia, piga kwa kile kinachobaki mkononi, si kwa kile kilichowaka kwenye kioo.

Wanaokuja ni wawili au zaidi: wa kuleta hela, wa kushuhudia, mara nyingine na mlinzi. Nusu asilimia hadi asilimia 1 ya kilichobaki ni desturi ya kati. Kwa zile 2,100, dola 20 kwa timu nzima inatosha kabisa. Wataanza kuhesabu noti za 100 mkononi mwako, na hapo ndipo watu hutoa zaidi ya walivyopanga kwa aibu tu ya kukosa noti ndogo. Kabla hawajaenda kuleta hela, waambie: "Naomba 100 moja iwe za 20." Hawashangai, wanaombwa kila siku. Usimpe mlinzi. Na mfanyakazi akija kufungua tu mashine iliyokwama au kubadilisha karatasi, asante inatosha.

Hotelini: anayekuletea gari dola 3 hadi 5 unapolichukua, si unapoliacha. Ada ya maegesho unayolipa pale haimfikii. Mbeba mizigo dola 2 kwa begi. Msafisha vyumba dola 3 hadi 5 kwa usiku, na uziache kila asubuhi, si siku ya mwisho, kwa sababu aliyesafisha Jumatatu si lazima awe yule wa Alhamisi. Weka juu ya mto au mezani na kikaratasi kilichoandikwa kwamba ni zake, la sivyo anaweza kuogopa kuzigusa akidhani umezisahau. Ile "ada ya hoteli" inayojitokeza kwenye bili kila usiku ni ya hoteli, usiihesabu kama bakshishi hata chembe.

Na mgahawani: asilimia 18 hadi 20 kabla ya kodi. Angalia kwanza kama tayari wameongeza gharama ya huduma, hasa mkiwa kundi la watu sita na kuendelea. Na kasino ikikupa chakula cha bure kwa sababu ya kucheza kwako, bakshishi bado unaipiga kwa bei kamili ya chakula. Mhudumu amebeba sahani zile zile.

Mgeni_Mwangalifu

Dada, hiyo ya asilimia 30 imenifungua macho, sikuwa naijua kabisa. Asanteni wote.

Maswali mawili yamebaki. Rafiki yangu anataka kucheza poka, ni utaratibu huo huo? Na Felti_Kijani, ukisema "wanagawana", ina maana yule aliyenichezesha vizuri hapati zaidi ya mwenzake aliyekuwa mezani kwa saa ile ile bila hata kutabasamu?

Poka_Usiku

Poka ni ukumbi wake na sheria zake. Kwenye vyumba vingi vya poka kila mgawa karata anabaki na bakshishi yake mwenyewe, haingii kwenye kapu la pamoja. Kwa hiyo hapo unampa mtu, si idara.

Ukishinda chungu cha kawaida, yaani rundo la chipu mnaloshindania, dola 1. Chungu kikiwa kikubwa, 2. Ukichukua chungu kwa kuwatisha wenzako kabla ya karata za katikati kufunguliwa, hutoi kitu, na hakuna atakayekuona bahili. Subiri asukume chungu kizima kwako kwanza, ndipo umrudishie chipu. Ukirusha chipu wakati bado anakata makato ya kasino unamvurugia hesabu. Makato yenyewe kwa kawaida ni sehemu ya kumi ya chungu hadi kikomo kilichowekwa, na yanaenda kwa kasino. Wapo wachezaji wanaoyaona makato yale na kudhani bakshishi imeshatoka. Haijatoka.

Mgawa karata hukaa mezani kama nusu saa na kuhamia meza nyingine, akifanya mikono 30 hivi kwa saa. Mchezaji anayeshinda vyungu vitatu vinne kwa saa basi anatumia dola 3 hadi 5. Kwenye meza za dau dogo hiyo si kitu kidogo, na anayecheza ili abaki na faida lazima aiweke kwenye hesabu zake sawa na makato.

Mashindano ni jambo tofauti kabisa. Chipu za mashindano hazina thamani ya hela, ukimpa mgawa karata hawezi kuzifanyia lolote, na isitoshe utakuwa umebadilisha idadi ya chipu zilizomo mchezoni. Soma karatasi ya muundo wa shindano kabla ya kujiandikisha. Mara nyingi humo imeandikwa kwamba sehemu fulani ya viingilio imetengwa kwa wafanyakazi, 3 kwa mia kwa mfano. Kama ipo, umeshatoa. Kama haipo na rafiki yako amefika kwenye hela, asilimia 1 au 2 ya zawadi, akiiacha pale anapolipwa na kusema ni ya wagawa karata, ni sawa.

Felti_Kijani

Kuhusu kugawana: ndiyo, kwenye meza zisizo za poka kasino nyingi za Las Vegas zinaunganisha bakshishi za wagawa karata wote wa zamu zote, kamati ya wagawa karata wenyewe inahesabu, na kila mmoja anapata kwa saa alizofanya. Aliyenuna na aliyecheka wanapata sawa kwa saa. Ina ubaya huo unaouona, lakini ina sababu. Mtu aliyepangwa meza ya dola 15 asubuhi ya Jumanne hana makosa kwamba mwenzake yuko bakara ya matajiri usiku wa Jumamosi. Tena inapunguza kishawishi. Mgawa karata anayejua chipu yako inakwenda kwa mamia ya wenzake hana sababu ya kukulipa kimakosa kwa makusudi ili umkumbuke. Kumlipa mtoa bakshishi zaidi ya haki yake ni wizi kwa kasino, na ni jinai. Kwa hiyo usimtegee akufanyie "hisani", na usitanie kuhusu hilo mbele ya msimamizi.

Faida kwako: aliyekuchezesha akipumzishwa kabla hujampa, mpe aliyechukua nafasi yake. Inaingia kapu lile lile.

Na upande wa pili wa shilingi: mgawa karata haruhusiwi kukuomba. Hata kukodolea chipu zako na kusema "leo tumeshinda kweli, eeh" kunaweza kumfukuzisha. Ukiona anaomba, usibishane, hama meza.

Sheria_na_Mshahara

Swali la nani hapewi halijajibiwa lote, naligusa pamoja na lingine linalozunguka hapa kila mara, kwamba "hawa wanalipwa dola mbili kwa saa".

Kwa Nevada hilo si kweli. Sheria ya jimbo hairuhusu mwajiri kuhesabu bakshishi kama sehemu ya kima cha chini cha mshahara, na kima hicho ni dola 12 kwa saa tangu Julai 2024. Zile dola 2.13 ni kiwango cha serikali kuu kwa wafanyakazi wa bakshishi, hakijaguswa tangu 1991, na kinatumika kwenye majimbo yasiyo na ulinzi wa zaidi. Lakini wagawa karata wengi wa Las Vegas mshahara wao uko karibu na kima cha chini, na sehemu kubwa ya kipato chao ni lile kapu. Kwa hiyo bakshishi ni hiari kwako, si nyongeza ndogo kwao.

Wasiopewa: msimamizi wa meza na wakubwa wake, walinzi, watu wa chumba cha kamera, mkaguzi wa meza ya dadu aliyeshatajwa. Wasimamizi wamewahi kuwa chanzo cha mgogoro mkubwa. Mwaka 2006 Wynn Las Vegas iliamua kuwaingiza wasimamizi wa ngazi ya chini kwenye mgao wa bakshishi za wagawa karata, na kesi zake zikachukua miaka. Mwaka 2018 sheria ya serikali kuu ikakataza wazi mameneja na wasimamizi kubaki na bakshishi za wafanyakazi. Kwa hiyo ukimnyooshea msimamizi chipu hata kwa nia njema, atairudisha.

Keshia wa dirishani inategemea kasino, zipo zinazoruhusu na zisizoruhusu. Ukiona ameisukuma kurudi, usilazimishe. Afisa wa wateja anayekupangia vyumba na chakula cha bure usimpe hela taslimu, kwa kawaida haruhusiwi. Barua ya kumsifu kwa bosi wake inamfaa zaidi, na hilo si maneno ya adabu tu, kazi yake inapimwa kwa wateja wanaorudi. Karani wa dirisha la kubashiri michezo, tofauti na hao, anapokea: dola chache ukija kuchukua ushindi mzuri.

Ukihamia nchi nyingine usibebe desturi hii kama ilivyo. Australia sheria za kasino zinawakataza wafanyakazi wa meza kupokea bakshishi, chipu utakayosukuma itarudishwa mbele ya kamera. Ujerumani kinyume chake: bakshishi inaingia kwenye sanduku la pamoja na mishahara ya wafanyakazi hulipwa humo. Kwenye ruleti ya Ufaransa, aliyepata namba moja iliyonyooka analipwa 35 kwa 1, na desturi ni kuacha kipande kimoja kwa wafanyakazi.

Felti_Kijani

Nimekumbuka ruleti ya Las Vegas, mgeni aliiuliza hatukumjibu. Pale unapewa chipu za rangi yako peke yako ili dau zenu zisichanganyike. Chipu hizo zina thamani kwenye meza ile tu. Mezani mpe hizo hizo, mchezeshaji ataziuza palepale na kuweka thamani yake kwenye sanduku. Ukitaka kumwekea dau, sema "hii ya mchezeshaji" kabla mpira haujaanza kushuka na uiweke kwenye namba yako mwenyewe, juu ya chipu yako. Akishatangaza mwisho wa kuweka dau hata yeye hawezi kuipokea. Ukimaliza, msukumie zote akubadilishie za thamani kabla hujasimama. Ukiondoka na chipu za rangi mfukoni mhudumu wa vinywaji hawezi kuzitumia, na keshia atakurudisha kwenye meza ile ile.